Atsidi Sani: muhunzi aliyefungulia Wanavajo njia ya feza

Katika Kiswahili chetu neno feza liko na maana mbili. Feza ni makuta ya mufukoni, na feza ni ile madini nyeupe yenye kung'aa, ambayo mafundi wanatengenezea pete na bikomo. Kwa taifa moja la wenyeji wa Marekani, Wanavajo, maana hizi mbili zilikutana kabisa. Walichukua sarafu za feza, wakaziyeyusha, wakazivaa mukononi na shingoni, na siku ya shida walizipeleka kwa muchuruzi ili wapate unga na sukari. Mutu anayetajwa kuwa wa kwanza kufungua njia hiyo ni Atsidi Sani. Leo tunaeleza maisha yake.

Jina lake ni jina la kazi. Kwa lugha ya Wanavajo, atsidi ni muhunzi, mutu wa nyundo, na sani ni muzee. Ni kusema: Muhunzi Muzee. Wamexico, ambao wanasema Kihispania, walimuita Herrero, ni kusema muhunzi tu. Mutu hazaliwi na jina la namna hiyo. Analipata kisha watu kumuona miaka mingi karibu na moto.

Kati ya milima mine

Alizaliwa karibu mwaka wa 1830, upande wa Wheatfields, pahali ambapo leo ni jimbo la Arizona, katika ukoo wa Kondoo Weusi. Wanavajo wenyewe wanajiita Diné, ni kusema watu. Inchi yao iko juu, iko kavu, na mawe yake ni mekundu. Mvua ni kidogo. Watu walikuwa wanafuga kondoo na farasi, na kulima mahindi pale maji yanapopatikana.

Kwa imani yao, waliwekwa kati ya milima mine mitakatifu, na kila mulima uko na pambo lake. Ule wa mashariki ni wa ganda jeupe, wa kusini ni wa feruzi, wa magharibi ni wa ganda la bahari lenye rangi nyingi, na wa kaskazini ni wa jiwe jeusi. Feruzi ni jiwe la rangi ya mbingu, mara buluu, mara na kijani kidogo. Wenye kusema Kifaransa wanaliita turquoise. Wenyeji wa eneo lile walikuwa wanalichimba tangu zamani sana, kwa mufano ku Cerrillos, karibu na muji wa Santa Fe. Walilitoboa na kulifunga katika kamba kama ushanga.

Kwa hiyo jiwe walikuwa nalo. Lakini feza, hapana. Wakati Atsidi Sani alikuwa mutoto, Wanavajo walikuwa wanavaa feza ila hawakujua kuifua. Kila kifungo na kila kikomo kilitoka kwa wengine. Walinunua kwa Wamexico, ao walibadilishana na makabila ya jirani, ao walichukua katika vita. Hata lijamu, kile chuma cha kinywani mwa farasi, walinunua nje. Na mutu asiye na lijamu nzuri, farasi yake haimusikii.

Fundi wa upande wa adui

Atsidi Sani alipokuwa kijana aliona jambo ambalo wengi walikuwa wanaliona kila siku bila kulifikiri: mali ya watu wake ilikuwa inatoka juu ya chuma. Wazee wa Kinavajo walihadithia kwamba alisema moyoni, kama ningejua kazi hii, watu wetu wangenunua lijamu kwangu, si kwa Wamexico. Ni hesabu ya biashara, haina maneno mengi. Lakini ilihitaji moyo mugumu.

Sababu kati ya Wanavajo na Wamexico kulikuwa vita vya miaka na miaka. Wanavajo walikuwa wanashuka kunyang'anya kondoo na farasi. Wamexico nao walikuwa wanapanda kuteka wanawake na watoto, na kuwauza kama watumwa katika nyumba za miji. Kila upande ulikuwa na wafu wake wa kulia. Kwenda kukaa karibu na mutu wa upande ule na kumuomba akufundishe, si kila kijana angekubali.

Yeye alikwenda. Fundi aliyemufundisha, Wanavajo walimuita Nakai Tsosi, ni kusema Mumexico Mwembamba. Alikuwa anakaa upande wa Mount Taylor, mulima wa kusini, ule mulima wa feruzi katika imani ya Wanavajo. Pale Atsidi Sani alijifunza chuma: namna ya kuwasha makala, namna ya kujua kwa rangi kama chuma kiko tayari, pahali pa kupiga na pahali pa kuacha.

Kisha wakaja Waamerika. Katika mwaka wa 1851 jeshi lao lilijenga kambi ya Fort Defiance katikati ya inchi ya Wanavajo. Mwaka wa 1853 serikali iliweka wakili wa kushugulikia mambo ya Wanavajo, Henry Linn Dodge, ambaye alileta muhunzi aitwaye George Carter ili afundishe kazi ya chuma. Wanasema Atsidi Sani alikuwa kati ya wale waliokuja kuangalia. Muhunzi anajifunza kwa macho mbele ya mikono. Alipata kazi kwa Mumexico, akaongeza kwa Muzungu, na bidhaa aliuzia watu wake: lijamu zenye vipande vidogo vya chuma vya kuning'inia, ambavyo vililia wakati farasi ilikuwa inatembea.

Nyumba zilichomwa

Amani haikudumu. Dodge aliuawa mwaka wa 1856, na kisha yake mambo kati ya Wanavajo na jeshi yaliharibika zaidi. Katika mwaka wa 1863 Jenerali James Carleton aliamua kuwaondoa Wanavajo wote katika inchi yao. Kazi hiyo alimupa Kit Carson. Carson hakutafuta sana kupiga watu. Alipiga chakula. Askari walichoma mahindi shambani, walikamata kondoo, walibomoa nyumba, walichafua visima. Katika bonde la Canyon de Chelly walikata miti ya mapeshi kwa maelfu, miti ambayo familia ziliirisi kwa babu zao. Wakati wa baridi kali watu walitoka mafichoni, kwa sababu njaa iliwashinda.

Kuanzia mwaka wa 1864 walisukumwa kwa miguu mupaka Bosque Redondo, karibu na kambi ya Fort Sumner, kwenye muto Pecos. Njia ile ilikuwa kilometre karibu 500, na vikundi vingine vilizunguka zaidi. Wazee na wanawake wenye mimba walioshindwa kutembea walibaki njiani, na wengine walipigwa risasi. Wanavajo wanaiita safari hiyo Matembezi Marefu. Kwa wale kati yenu ambao wamekwisha kuacha nyumba na shamba usiku, hakuna haja ya kueleza mengi.

Kule Bosque Redondo zaidi ya watu 8.000 walifungwa katika uwanda mumoja. Maji ya muto yalikuwa na chumvi chumvi, yaliumiza tumbo. Mahindi waliyopanda yaliliwa na wadudu, mwaka kwa mwaka. Kuni zilikwisha, watu wakatembea mbali kung'oa mizizi. Magonjwa yaliua wengi.

Jetoni za posho

Pale kambini kulitokea jambo moja ambalo Wanavajo wanalikumbuka kwa kucheka kidogo katikati ya machozi. Jeshi lilikuwa linagawa posho: unga, nyama kidogo. Ili kujua nani amekwisha kupokea, kwanza walitoa karatasi. Watu wakaziiga. Basi jeshi likasema tutatoa jetoni za chuma, zenye alama, hizo hawataweza. Wakasahau kwamba kati ya watu wale waliofungwa kulikuwa na wahunzi. Hazikupita siku nyingi, jetoni zikawa nyingi kuliko watu. Mwishowe serikali ilipashwa kuagiza jetoni zenye michoro migumu sana kutoka mbali, ili mukono wa muhunzi usiweze kuzifuata.

Hatuwezi kusema jetoni gani ilitoka kwa mukono wa nani. Lakini jambo lenyewe linaeleza. Watu walikuwa wamenyang'anywa kondoo, mashamba, miti na nyumba. Kazi ya mikono haikunyang'anywa, kwa sababu hakuna askari anayeweza kuiona ndani ya mutu na kuikamata. Wahunzi walifua pia bikomo vya shaba nyekundu na shaba ya manjano. Na wakati watoto walikuwa na njaa, ujuzi ule uligeuka unga.

Mukataba wa 1868

Kisha miaka mine serikali ya Marekani iliona kwamba Bosque Redondo inakula feza nyingi na inaua watu. Jenerali William Sherman alikuja kuzungumuza. Wakubwa wa Wanavajo, Barboncito mbele yao, walikataa kupelekwa inchi nyingine. Waliomba kurudi kwao tu. Tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka wa 1868 mukataba ulitiwa sahihi. Kati ya wakubwa walioweka alama ya musalaba chini ya karatasi kuna jina Herrero, na wengi wa wanahistoria wanasema ni yeye, Atsidi Sani. Maana hakuwa fundi tu. Alikuwa mukubwa kati ya watu wake, na pia mujuzi wa nyimbo za dawa, zile zinazoimbwa juu ya mugonjwa.

Mukataba uliahidi kondoo na mbuzi 15.000 ili watu waanze tena kufuga. Uliahidi pia nyumba ya kazi ya muhunzi kwenye ofisi ya wakili wa serikali. Siku ya kurudi, mustari wa watu ulikuwa wa kilometre nyingi. Wanasema walipouona Mount Taylor kwa mbali, wazee walilia.

Feza inaingia kazini

Kisha kurudi, njo kazi ya feza ilipanuka kweli. Kila muhunzi alikuwa na vyombo vichache. Washington Matthews, munganga wa jeshi aliyekaa kati yao, aliandika namna walivyofanya katika miaka ile ya 1880. Jiko lilijengwa kwa miti na udongo. Mufuko wa kuvuvia moto ulishonwa kwa ngozi ya mbuzi. Chombo cha kuyeyushia kilifinyangwa kwa udongo, kikachomwa. Chuma cha kupigia kilikuwa kipande chochote kizito walichookota. Makala waliyachoma wenyewe. Kusugua, walisugua kwa muchanga na majivu.

Na madini yenyewe? Ilikuwa sarafu. Dolari ya Marekani ya wakati ule ilikuwa na feza sehemu tisa kwa kumi. Fundi aliiyeyusha, akaimwanga katika kipande kirefu, akaipiga kidogo kidogo, akairudisha motoni ili isipasuke, akapiga tena. Karibu na mwaka wa 1890, serikali ilipoanza kukaza sheria juu ya kuharibu sarafu zake, mafundi walihamia kwa peso za Mexico. Mapambo mengi ya wakati ule yalikuwa makuta ya kweli juzi yake.

Michoro waliipiga kwa vyuma vidogo vyenye alama kichwani, mufano waliopata kwa Wamexico waliokuwa wanachora ngozi ya matandiko ya farasi. Vitu vingine walivimimina katika jiwe laini lililochongwa. Mushipi wa zamani wa sahani za feza, unautambua kwa tundu lililo katikati ya kila sahani, ambamo ngozi ilipita. Mafundi wa kwanza hawakuwa bado na njia nzuri ya kuunganisha kipande kwa kipande kwa moto. Walipoijua, walibandika kitanzi nyuma, na uso wa sahani ukafungika. Kile chuma chenye umbo la mwezi muandamo kinachoning'inia chini ya mukufu, kwanza kilikuwa pambo la kipaji cha farasi. Wahispania walikipata kwa Waarabu wa Afrika ya Kaskazini, wakakivusha bahari.

Hapa tunafika kwenye jambo kubwa la maisha ya Atsidi Sani. Angeweza kuficha kazi. Fundi mumoja katika inchi nzima angekula vizuri. Lakini alifundisha wana wake wanne, mumoja wao akijulikana kwa jina la Ndevu Zilizoungua, jina linaloonyesha alikuwa anainama karibu na moto kiasi gani. Alifundisha na wengine. Mudogo wake, ambaye Wazungu walimuita kwa jina lenye maana ya Mufua Feza Mwembamba, alikuwa fundi mwenye sifa kuliko wengi wa wakati wake. Mwana wa huyo, Fred Peshlakai, alikuja kufundisha wanafunzi ku Fort Wingate katika miaka ya 1930.

Kazi ilivuka na mupaka wa kabila. Karibu na mwaka wa 1872 muhunzi mwingine wa kizazi cha kwanza, Atsidi Chon, alimufundisha mutu wa Zuni aitwaye Lanyade. Miaka mingi nyuma yake Lanyade akamufundisha mutu wa Wahopi, Sikyatala. Kutoka kwa Mumexico mumoja mwembamba, ujuzi ukatembea mukono kwa mukono mupaka makabila matatu.

Jiwe linakutana na feza

Watu wengi wanafikiri feza na feruzi vilikuwa pamoja tangu mwanzo. Hapana. Kazi za kwanza hazikuwa na jiwe hata moja. Ni huyo Atsidi Chon ambaye anatajwa kuwa wa kwanza kubandika feruzi juu ya pete ya feza, karibu na mwaka wa 1878. Feza ya wageni na jiwe la wenyeji vikakaa mu pete moja, na leo dunia inadhani vilizaliwa mapacha.

Mavazi hayo hayakuwa urembo tu. Yalikuwa banki. Familia ilipokosa unga mbele ya majira ya kukata manyoya ya kondoo, mama ao baba alipeleka mushipi ao mukufu kwa muchuruzi, akauacha rehani, sawa na gaje, akachukua vyakula. Kondoo zilipokatwa manyoya, alirudi kukomboa. Wachuruzi wengine waliheshimu: kama kulikuwa ngoma ao sherehe, walimuazima mwenyewe mukufu wake auvae, kiisha aurudishe. Wengine hawakungoja, siku zilipopita waliuza. Vitu vingi vya zamani ambavyo leo viko katika vioo vya miji mikubwa vilitoka kwa njia hiyo. Mutu anavisifu kwa uzuri, lakini mara nyingine nyuma yake kuna familia iliyopungukiwa mwaka mumoja.

Treni na watalii

Mwanzo wa miaka ya 1880 reli ilipita katika inchi ile. Watalii wakaja, na watalii wanataka kitu chepesi, cha bei ndogo. Mwaka wa 1899 kampuni ya Fred Harvey, yenye kuendesha hoteli na maduka kando ya reli, ilianza kuwapa mafundi feza nyembamba na mawe yaliyokatwa tayari, na kuagiza bikomo vyepesi. Wakaomba na michoro ya mishale na ndege wa radi, kwa sababu mutalii alifikiri hiyo njo alama ya wenyeji. Kazi iliongezeka, feza iliingia, lakini uzito wa kitu ulipungua. Nyuma yake viwanda vikaanza kuiga kwa mashini. Ndiyo maana Marekani iko na sheria ya mwaka wa 1990 inayoazibu mutu anayeuza kitu kwa kusema kimetengenezwa na wenyeji, kumbe si kweli.

Leo wenye kupenda vitu vya zamani wanatafuta kazi za mbele ya reli na za karibu yake. Wanazipima kwa mukono: ni nzito, kingo zake zimelainishwa na ngozi ya mutu aliyevaa miaka mingi, na michoro haiko sawasawa kabisa, kwa sababu kila alama ilipigwa peke yake. Zinauzwa bei kubwa. Lakini wasitafute jina juu yake. Mafundi wa kizazi cha Atsidi Sani hawakuweka sahihi juu ya kazi.

Alichoacha

Mwili wake ulirudi udongoni zamani, na kikomo chenye jina lake hakiko. Ila alama yake tunaiona vizuri. Watu wake walikuwa wananunua lijamu kwa adui. Yeye alikwenda kujifunza kwa huyo adui. Watu wake walifungwa mbali. Kazi ilikuja nao bila kubebwa mugongoni. Waliporudi mikono mitupu, ilikuwa tayari, na yeye hakuifunga katika nyumba yake.

Mupaka leo katika inchi ya Wanavajo, ukipita ku soko, utaona mama muzee anauza ao ananunua mboga huku mukono wake umevaa feza na jiwe la buluu. Kwake ni pambo, ni akiba, na ni kumbukumbu ya ukoo. Wengi wao wanaweza kukuambia nani alifundisha baba yao, na nani alifundisha babu. Mara nyingi ukifuata mustari huo mupaka mwanzo, unafika kwa Muhunzi Muzee.